Soo ya Kuona Maji

Jumamosi moja niliwachukua watoto wa dadangu, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6, pamoja na mtoto wa jirani ambaye tukitoka bila yeye hulia hadi ploti nzima ijue. Nilikuwa nimewaahidi kwamba tunaenda kuona maziwa. Mdogo akauliza kama ni ya ng'ombe. Nikamwambia hapana, ni maji mengi yaliyotulia mahali pamoja, na kando yake kuna mto, miti mikubwa na nyasi za kukimbilia. Bustani yenyewe nilikuwa nimeiona kwa simu mara nyingi hadi nikajihisi nimewahi kufika.

Tulipanda mathree mbili. Mdogo nikampakata ili nauli ipungue. Langoni soja akatuhesabu kwa kidole, halafu akasema, "Mkubwa, wewe ni mia mbili. Watoto ni soo kila mmoja. Unalipa kwa simu, hapa hatushiki kash."

Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama. Tikiti ni 500. Nauli ya kuja 200, ya kurudi 200. Hiyo ni 900 kabla mtoto yeyote hajasema ana kiu. Dadangu hufua nguo za watu, na siku ikiwa njema hurudi nyumbani na 700.

Yule wa miaka 9 alikuwa amesikia kila kitu. Akanivuta shati. "Anko, kwani maji ni ya nani?"

Soja akacheka. Mimi nilishindwa kucheka kwa sababu sikuwa na jibu, na mtoto akiuliza swali ambalo mtu mzima hana jibu lake, mara nyingi mtoto ndiye ameona sawa.

Bustani ile sitaitaja jina. Soja hana kosa, hata yeye ameajiriwa tu, na nina hakika mshahara wake haumruhusu kuleta watoto wake pale. Isitoshe, ningeitaja wewe ungedhani shida ni ya bustani moja, na mimi nazungumzia jiji zima. Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika sasa hivi: lango la tikiti kwenye bustani ya mto, ndani ya jiji, ni makosa. Usiniambie kwamba bei inaweza kupunguzwa. Nalipinga lango lenyewe.

*

Kuna jambo ambalo sijakuambia kuhusu watoto hao. Wanaishi Kibera, upande wa Silanga. Ukiwauliza Wakamba watakuambia silanga ni bwawa. Kijiji kilipata jina hilo kwa sababu kiko kando ya bwawa, Nairobi Dam, lililojengwa mwaka wa 1953 kwenye Mto Motoine ili jiji liwe na akiba ya maji. Kwa makaratasi, bwawa hilo lina kama ekari 88. Uhuru Park yote haifiki nusu yake. Kwa hivyo watoto wangu wanalala hatua chache kutoka kwa ziwa linaloweza kumeza yale maziwa mawili ya bustani na bado likabaki na nafasi, halafu Jumamosi wanapanda mathree mbili kwenda kulipia maji ya mbali.

Ukienda kulitazama leo utaona kijani. Ukiwa mgeni utadhani ni uwanja. Ni gugu maji, na chini yake ni tope, na ndani ya tope kuna kila kitu ambacho jiji hili limekataa kubeba lenyewe: majitaka ya mitaa ambayo haikuwahi kuwekewa mabomba, takataka ambazo hakuna lori lililokuja kuzichukua, na mchanga wa kila jengo lililoinuka huko juu mto unakotokea.

Wazee wa mtaani hukusimulia kwamba zamani hapo kulikuwa na mashua za tanga. Si hadithi tu. Kulikuwa na klabu ya mashua na watu walikuwa wakishindana wikendi. Lakini tusidanganyane kwa kuitamani sana zamani hiyo. Mwenye mashua hakuwa mtu wa Kibera. Mtu wa Kibera alikuwa akitazama kutoka ng'ambo. Hapo mwanzo bwawa lilikuwa la wachache, halafu likawa jaa la kila mtu, na katikati haikuwahi kufika ile siku ambayo lilikuwa ziwa la wote. Hiyo ndiyo siku ninayoidai. Sidai turudishiwe kitu, kwa sababu hatujawahi kupewa.

*

Fuata mito ya Nairobi kwa kidole kwenye ramani, utaona tabia yake. Mto Nairobi unaanza kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukiwa bado na adabu. Unapita chini ya mitaa ambayo madirisha ya majumba yake yameelekezwa mtoni makusudi, kwa sababu wakala wa nyumba akisema "unaona mto ukiwa kwa balkoni" bei inapanda. Ukifika town unakuwa mweusi. Ukifika Dandora unapita kando ya jaa la jiji. Motoine nao, ukishatoka kwenye bwawa letu, hubadilisha jina ukaitwa Ngong, ukaenda kupitia Mukuru na Industrial Area kukusanya vya huko.

Maji ni yaleyale, lakini kwa mmoja mto hupandisha thamani ya nyumba, na kwa mwingine hubomolesha nyumba.

Unakumbuka Aprili na Mei 2024. Mvua ilinyesha hadi mito ikakumbuka njia zake za zamani. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini. Hapa jijini Mathare na Mukuru waliamka maji yakiwa kitandani. Wiki chache baadaye tingatinga zikafuata maji. Amri ilikuwa kwamba aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni atoke, na waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Elfu kumi, Nairobi, ya kuanza maisha upya.

Sitabisha kwamba kuishi kwenye ukingo wa mto ni hatari. Mtu aliyeokoa godoro saa nane usiku hahitaji kuelezwa. Lakini sikiliza sababu iliyotolewa: kingo za mto ni mali ya umma. Sawa kabisa. Kama ni mali ya umma, basi siku miti itakapopandwa hapo, na viti vikawekwa, na njia ya kutembea ikatandazwa mawe mazuri, yule mama aliyetolewa Mathare ndiye wa kwanza kuingia, na anaingia bila kuulizwa kitu. La sivyo tuseme ukweli kwamba hakuna mali ya umma iliyookolewa hapo. Mtu amefukuzwa ili mwingine auziwe mandhari.

Hilo si jambo la kukisia kwa mbali. Machi 2025 serikali ilizindua mradi wa kufufua Mto Nairobi, mradi wa shilingi bilioni 50, na katika ahadi zake kuna njia za miguu na bustani kando ya mto. Mimi ni mmoja wa wanaotaka ufaulu. Ninataka mabomba ya majitaka yawekwe kesho. Ninachouliza, na sijasikia kikijibiwa vizuri, ni hiki: hizo bustani zitakuwa na lango?

*

Sasa nijibu wanaonipinga, kwa sababu wengine wao ni watu ninaowaheshimu.

Wa kwanza husema, "Angalia Karura." Nami nakubali, tuangalie Karura, kwa sababu ndiyo hoja yao yenye nguvu zaidi. Msitu una mito, una maporomoko, una ziwa dogo lenye mayungiyungi, na leo mwanamke anaweza kukimbia humo peke yake asubuhi. Zamani ungeingia na simu ukatoka bila. Jamii ilijipanga na serikali, ukajengwa ua wa umeme, wakaajiriwa walinzi, na kwa miaka mingi Mkenya mtu mzima alilipa shilingi 100 langoni. Pesa zikaonekana zimefanya kazi. Hilo silikatai.

Lakini nani aliuokoa Karura? Kabla ya tikiti ya kwanza kukatwa, kulikuwa na Januari 1999, Wangari Maathai akipigwa hadi damu kwa sababu alikwenda kupanda mti kwenye ardhi ambayo wakubwa walikuwa wamegawana. Kulikuwa na wanafunzi wa vyuo vikuu waliomwagika barabarani wakala virungu kwa ajili ya msitu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuukanyaga. Yeye mwenyewe miaka kumi kabla, 1989, alikuwa amezuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Watu hao hawakupigania nafasi ya kukatiwa tikiti. Walipigania ardhi ya umma ibaki ya umma, na mtu asiye na kitu abaki na mahali pa kulala chali chini ya mti bila kufukuzwa.

Halafu Agosti 2025 serikali ikaamuru malipo ya Karura yapitie eCitizen, na mtandao wote ukawaka. Nilisoma kila kitu. Watu walibishana vikali, na kwa haki, kuhusu nani apokee hizo pesa: jamii iliyoutunza msitu au serikali isiyoaminika na hela. Nami nilikuwa upande wa jamii. Lakini katika kelele zote zile, ni wachache mno waliouliza kwa nini kuna pesa. Tumezoea lango hadi ugomvi wetu umebaki kuwa wa nani ashike kikapu.

Nawe usiniambie soo ni kitu kidogo. Soo ni kitu kidogo kwako wewe unayekwenda peke yako na viatu vya kukimbilia. Familia haiendi bustanini mtu mmoja mmoja. Baba, mama na watoto wanne ni zaidi ya unga wa wiki, na mzazi mwenye akili atachagua unga kila mara. Kwa hivyo lango la soo halimwambii maskini "usiingie". Linamwambia "chagua", likijua atachagua nini. Ndiyo maana ndani kunakuwa kutulivu na kusafi, nasi tunatoka tukisifu usimamizi.

*

Wa pili husema, "Mkifungua bure, watu watachafua."

Watu gani? Hebu tulitaje hilo neno vizuri, kwa sababu anayelisema huwa hajijumuishi. Mto huu haukuchafuliwa na watu waliokuja pikiniki na mahindi ya kuchemsha. Umechafuliwa na mifereji ya viwanda, na majitaka ya mitaa ambayo jiji liliijua, likaihesabu, likaiombea kura, lakini halikuiwekea bomba. Mama anayemwaga maji ya kufulia mtoni anamwaga hapo kwa sababu hakuna pengine. Mpe bomba kwanza halafu ndipo umfundishe ustaarabu.

Na kama unataka mfano wa bure isiyo takataka, shuka Mombasa. Bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa 2019, iko wazi kwa bahari. Nenda Jumapili jioni. Utakuta akina mama na buibui zao, vijana na gitaa, watoto wanakimbizana, mzee anakula mihogo na pilipili akitazama meli zikiingia. Hakuna aliyemuuliza tikiti. Kinachofanya pawe na adabu ni kwamba pamejaa. Mahali penye macho ya watu wengi hapana haja ya ua mrefu.

Hata hapa Nairobi, 2020, Michuki Park karibu na Globe ilifunguliwa upya kando ya mto uleule, mahali ambapo watu wa town walizoea kupita mbio wameshika mifuko. Ilipopata miti, viti na taa, watu walikaa. Hiyo ndiyo siri yote. Mtu akipewa mahali pa kukaa, anakaa. Na aliyekaa hujali anapokaa.

Wa tatu husema, "Pesa zitatoka wapi?"

Zitatoka pale zinapotoka za taa za barabarani. Hakuna soja anayesimama chini ya mlingoti akikudai soo kwa kuona njia usiku. Tulikubaliana kama mji kwamba mwanga ni wa wote, tukaulipia pamoja kwa kodi. Dadangu analipa kodi kila anaponunua sabuni ya kazi yake, na kila anaponunua vocha. Ameshalipia hiyo bustani. Langoni analipishwa mara ya pili, kwa kitu ambacho Katiba tayari inasema ni chake. Soma Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010: mito na maziwa yako kwenye orodha ya ardhi ya umma, na serikali inaishikilia kwa niaba ya watu wa Kenya. Kwa niaba. Ukinishikia mkoba wangu hunidai pesa nikitaka kuufungua.

Seoul walikuwa na barabara ya juu iliyofunika mto wao. Waliivunja, na mwaka wa 2005 wakaufungua Cheonggyecheon kwa watu, na hadi leo mtu anashuka ngazi tu, anaweka miguu majini. Sisi 2022 tumefungua barabara yetu ya juu, na ya kupita pale tunalipa. Sawa, mwenye gari alipe. Mtoto mwenye ndala naye alipe kwa sababu gani?

*

Nimefika mahali ambapo ningeweza kuachia, hoja imeeleweka. Lakini kuna kitu ninakijua ambacho soja wa siku ile hakukijua, na ndicho kinachonifanya niandike kwa hasira.

Mimi nililelewa Eastlands. Nyuma ya shule yetu, mbele kidogo, kulikuwa na timbo, zile tunaita kware. Watu walikuwa wamechimba mawe ya kujengea jiji, mawe yakaisha, wakaondoka, shimo likabaki. Mvua ikija lilijaa maji ya rangi ya chai. Hapo ndipo lilipokuwa ziwa letu. Hakuna mwalimu ambaye hakutukataza, na hakuna mzazi ambaye hakutuchapa. Tulienda tu. Tulikuwa tunavua sare, tunaficha chini ya jiwe, tunaingia. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kweli. Tulijua kupiga maji.

Darasa la sita nilikaa dawati moja na kijana mwembamba, mcheshi, aliyekuwa akiniazima rula na kuirudisha ikiwa na jina lake. Muhula wa pili, Alhamisi moja, niliumwa na jino nikabaki nyumbani. Yeye alikwenda kware. Kwenye kware maji hayana ukingo wa polepole. Unapiga hatua ya magoti, unapiga ya kiuno, ya tatu haina chini. Walimtoa jioni. Kiti chake kilikaa wazi hadi Krismasi kwa sababu mwalimu hakuwa na moyo wa kumpa mtu, na rula yangu ilibaki na jina lake.

Kila msimu wa mvua nasikia habari hiyohiyo, mtoto wa mtaa mwingine. Halafu nasikia maneno yaleyale: wazazi wawachunge watoto. Mamangu alituchunga. Mama yake pia alimchunga. Ukweli ni huu: watoto wataenda majini tu. Jua likiwaka na shule ikifungwa, mtoto ataenda majini hata umfunge kamba. Jiji haliwezi kuamua kama wataenda. Jiji linaweza kuamua ni maji gani watayakuta: yenye ukingo wa polepole, mwokoaji na filimbi yake, na mtu wa kuwafundisha kuogelea, au shimo.

Kwa hivyo mtu akiniambia bustani yenye maziwa ni anasa, ni soft life, ni mambo ya kupiga picha, mimi huona lile dawati. Lango la soo huwafungia nje watoto, na watoto waliofungiwa nje hawarudi nyumbani kukaa kimya. Wanaenda kware.

*

Nasi pia tusijitoe. Wewe unayesoma hapa, nami ninayeandika, tumelea hili lango. Tumekubali kwamba ukitaka kuona kijani Nairobi lazima ununue kahawa ya 400 mahali penye mandhari. Tunasema "hii Nairobi hakuna mahali pa kwenda", halafu tunakwenda mahali palepale pa kulipia, tunapiga picha ile kona isiyoonyesha ua, tunapost. Uhuru Park ilipofungwa 2021 kwa ukarabati na mwaka ukawa miaka, tulinung'unika wiki moja, tukatafuta plani nyingine. Mbogi yenye doh hupata plani nyingine kila wakati. Park ile ilifunguliwa 1969, na vizazi vya watu wasio na plani nyingine viliikalia bure: watu waliokuja kutafuta kazi, wapenzi wasio na chumba, familia kutoka ushago zilizopiga picha moja mbele ya maji zikaitundika ukutani miaka thelathini.

Ninachotaka kinaandikika kwenye karatasi moja. Kwanza, sheria iseme wazi kwamba bustani yoyote ya kando ya mto iliyojengwa kwa pesa za umma ndani ya jiji haina tikiti ya kuingia, leo wala baadaye. Anayetaka kukodisha mashua au kuegesha gari alipie mashua na alipie gari. Mguu usilipe. Pili, bwawa la Nairobi litangulie. Limeahidiwa kurudishwa mara nyingi hadi watoto wa Silanga wanaikariri ahadi kama shairi la shule. Lianze kwa mabomba ya majitaka ya Kibera, kwa sababu kung'oa gugu maji bila kuziba majitaka ni kunyoa mtu huku nywele zinaota. Tatu, kuwe na sehemu ya watoto yenye maji ya magoti, na waokoaji, na vijana wa mitaa inayozunguka wapewe hizo kazi kabla ya mtu yeyote kutoka mbali. Nne, waliobomolewa wasiwe wageni kwenye ufunguzi.

Na vikao vya kukusanya maoni ya umma vikiitishwa, twende. Najua huwa asubuhi ya siku ya kazi, kwenye ukumbi usio na maiki nzuri, na tangazo liko ukurasa wa nyuma wa gazeti. Huwekwa hapo ili tusiende. Twende tukaulize swali moja tu, mbele ya kila mtu, na jibu liandikwe: kutakuwa na lango?

*

Siku ile sikulipa. Ningeweza kulipa, nikakopa ya kurudi, lakini nilishindwa kumfundisha yule wa miaka 9 kwamba jibu la swali lake ni soo. Tulinunua ndizi nje ya lango tukala tumesimama, kisha tukarudi.

Jioni, tukielekea kwao, tulipitia kando ya bwawa. Mdogo akaniuliza kama hayo ndiyo maziwa niliyowaahidi. Nikamwambia ndiyo, ni haya, yako chini ya hayo majani. Akaokota jiwe akalirusha kwa nguvu zake zote ili ayasikie.

Jiwe halikufanya sauti. Lilikaa juu ya gugu maji, tukaliona, wote wanne, kama limewekwa mezani. Akangoja lizame. Tulipoondoka bado alikuwa anageuka nyuma kuliangalia.